Tusimwite Mvivu Aahirishaye Kazi



Mwaka uliopita tulimzika jirani yetu mmoja, mama wa watoto wanne. Nilipokuwa nimesimama kando ya kaburi, niliwasikia wanaume wawili nyuma yangu wakinong'onezana. Mmoja alisema, "Ni uzembe tu. Uvimbe alikuwa nao tangu mavuno ya mwaka juzi, na hospitali si mbali." Mwenzake akaitikia, "Ndiyo, uvivu huua." Maneno hayo yalinichoma moyo, hata nikarudi nyumbani bila kuwaaga watu. Tangu siku ile nimekuwa nikiyatafakari, na leo naomba nafasi katika gazeti letu ili niyajibu, kwa kuwa naona ni maneno ya uongo, tena uongo wenye madhara.

Mama yule nilimjua. Moshi wa jiko lake ndio uliotangulia kuonekana kila alfajiri. Alilima shamba lake, na la mama mkwe wake aliyekuwa kipofu. Watoto wake hawakupata kuja shuleni na nguo chafu hata siku moja. Ikiwa huyo ni mvivu, basi sisi wengine tuitweje? Walakini ni kweli kwamba aliuona uvimbe titini mwake, akauficha chini ya khanga. Akasema atakwenda hospitali baada ya kupalilia. Palizi ilipokwisha, akasema baada ya mavuno. Mavuno yalipokwisha, akasema baada ya Krismasi. Krismasi ilipopita, akasema watoto warudi kwanza shuleni. Hata alipokwenda, daktari alimwambia kwamba angalifika mapema pangalikuwa na la kufanya.

Basi nauliza: ni kitu gani kilichomzuia mtu hodari namna ile asifanye safari ya siku moja? Nasema si uvivu. Na mradi tunaendelea kuliita jambo hili uvivu, tutaendelea kuzika watu.

Kwanza tupatane juu ya neno lenyewe. Si kila kukawia ni kuahirisha. Mkulima angojaye mvua kabla ya kusia mbegu haahirishi; anatumia akili. Mzee wa baraza asemaye, "Shauri hili tulilalie usiku mmoja," haahirishi, anapima. Mama aachaye kufua kwa sababu mtoto ameugua haahirishi. Amechagua lililo kubwa. Kuahirisha ninakokusema mimi ni huku: mtu amekusudia jambo, aweza kulifanya leo, hapana kizuizi cha kweli, naye ajua moyoni ya kuwa akilichelewesha atapata hasara, hata hivyo analisogeza mbele kwa hiari yake mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyolieleza pia mtaalamu mmoja wa Kanada, Piers Steel, aliyekusanya uchunguzi mwingi wa wenzake akauchapisha pamoja mwaka 2007. Huyo aliandika kwamba, kwa makadirio, watu wazima 15 hadi 20 katika kila 100 wameshikwa na tabia hii kwa namna ya kuwasumbua daima. Wasomaji, hao si wachache. Katika kanisa la watu mia mbili, hao ni mabenchi matatu au manne.

Wazee wetu, na waalimu wenzangu wengi, wana jibu moja jepesi: huyo ni mvivu, mkemeeni. Lakini hebu tumtazame mvivu na tumtazame aahirishaye, tuone kama ni mtu mmoja. Mvivu hataki kazi, wala hana habari nayo. Akilala chini ya mwembe hulala usingizi mtamu. Aahirishaye hana usingizi. Kazi aliyoiacha humfuata mezani, humfuata kisimani, humwamsha usiku wa manane. Tena mara nyingi haketi bure. Mtazame mtu aliye na barua ngumu ya kuandika: siku hiyo ndipo atakapofagia ua, atanoa panga, atapanga vitabu vyake, ataziba tundu la banda la kuku ambalo limekuwa wazi miezi sita. Atafanya kazi kumi apate kuikimbia moja. Je, huo ni uvivu? Mvivu angalijuaje kutoka jasho namna hiyo?

Basi anakimbia nini? Hapa ndipo penye kiini cha shauri hili. Haikimbii kazi, anakikimbia kile ambacho kazi ile inamtia moyoni. Kuna kazi itiayo hofu, kuna itiayo aibu, kuna ichoshayo roho, na kuna ile ambayo mtu hajui aanzie wapi, akiitazama yaonekana kama msitu usio na njia. Akiigusa tu, moyo unauma. Akiiacha, akasema "kesho", mara moile moyo unapoa. Faraja hiyo ni ya kweli, hata kama ni fupi. Ni kama mtu mwenye jino bovu aumwapo na maji ya baridi: hujifunza upesi kutafuna upande wa pili, wala hakuna amwitaye mvivu wa kutafuna. Mwaka 2013 wataalamu wawili, Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, waliandika jambo hili waziwazi: kwamba aahirishaye huutuliza moyo wake wa leo, na deni humwachia mtu wa kesho, ambaye ni yeye mwenyewe.

Nanyi wasomaji mnao mfano huu katika vitabu vyenu tangu zamani, ila pengine hatukuusoma kwa makini. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 24, liwali Feliki alimwita Paulo azungumze naye. Paulo alipofika kwenye habari za haki, na za kujitawala nafsi, na za hukumu itakayokuja, liwali akaogopa. Naye alipoogopa ndipo alipomwambia aende zake mpaka atakapopata nafasi nzuri. Angalieni mpangilio wa mambo: hofu kwanza, kisha kesho. Kitabu hakisemi kwamba Feliki alikuwa mvivu. Ni kweli alimwita Paulo mara nyingi baadaye, maana alitumaini kupewa fedha. Lakini shauri lenyewe hakulikata, na miaka miwili ikapita, na liwali mwingine akaja, Paulo akiwa bado kifungoni. Hofu ya saa moja ya mtu mmoja ilimgharimu mwenzake miaka miwili.

Sasa niungame kosa langu mwenyewe, nisije nikaonekana kuwahukumu wengine tu. Katika shule niliyofundisha zamani palikuwa na mvulana mmoja ambaye hakuleta hesabu zake. Kila asubuhi alikuwa na neno: taa ilikosa mafuta, daftari lililowa mvua, mdogo wake alilichana. Nilimwita mvivu. Nilimsimamisha mbele ya darasa, wenzake wakamcheka, nami nikawaacha wacheke, maana nilidhani aibu itamwamsha. Juma lililofuata hakuleta tena, nikamsimamisha tena. Hata siku moja hakuja yeye mwenyewe. Nilikwenda kwao jioni, nikamkuta nyuma ya nyumba akichunga mbuzi. Nikaketi naye juu ya jiwe, nikamwambia anifanyie hesabu moja mavumbini kwa kijiti. Kumbe hakuelewa sehemu hata kidogo. Nusu na robo alizijua. Theluthi na robo zikijumlishwa, alipotea kabisa. Alikuwa amepotea tangu mwanzo wa mwaka, na aliona haya kusema. Kila alipofungua daftari alikutana na ujinga wake, basi akalifunga. Nami niliyekuwa mwalimu wake, badala ya kumwondolea hofu niliongeza juu yake mzigo wa aibu, kisha nikastaajabu kwamba hakuweza kuinuka. Alirudi shuleni, nashukuru. Lakini alipoteza miezi, na aliyemfukuza si uvivu. Ni mimi.

Kwa hiyo nasema kwa nguvu zote: kumwaibisha aahirishaye ni kummwagia mafuta aunguaye. Ikiwa lililomkimbiza ni uchungu wa moyo, mkimwongezea uchungu atakimbia mbali zaidi. Kila mwenye barua ambayo hakuijibu analijua hili. Rafiki yangu mmoja alipata kuniandikia akiwa na msiba. Siku ya kwanza sikujibu kwa kuwa sikuwa na maneno ya kumtuliza. Juma lilipopita, jibu langu lilihitaji maneno ya kutuliza pamoja na maneno ya kuomba radhi kwa kukawia. Mwezi ulipopita, radhi ilikuwa kubwa kuliko barua. Baada ya miezi mitano nilipomwona sokoni kwa mbali, nilipita njia nyingine. Barua ile ingalikuwa mistari sita tu! Hofu ilizaa kukawia, kukawia kukazaa aibu, na aibu ikazaa kukawia kwingine. Ni deni lizaalo riba.

Pengine mtasema haya ni maneno ya mwalimu mwenye moyo laini. Basi sikilizeni jambo lililopimwa. Katika Chuo Kikuu cha Carleton, huko Kanada, wataalamu Wohl, Pychyl na Bennett waliwaangalia wanafunzi wa mwaka wa kwanza 119 walipokuwa wakijiandaa kwa mitihani miwili, mmoja baada ya mwingine. Habari zake zilichapishwa mwaka 2010. Miongoni mwa wale walioahirisha kusoma kabla ya mtihani wa kwanza, waliojisamehe nafsi zao waliahirisha kidogo zaidi mara ya pili kuliko waliojilaumu. Si ajabu? Sisi tulidhani ya kuwa ajilaumuye sana ndiye atakayetengenea. Kumbe ajilaumuye anabeba mizigo miwili, kazi na lawama. Aliyejisamehe amebakiwa na kazi tu.

Lakini hofu na aibu si habari yote. Yako mambo mengi ambayo hayatishi wala hayaaibishi, nayo huahirishwa vilevile. Sababu yake ni kwamba taabu ya leo huonekana kubwa kwa kuwa iko machoni, na faida ya mwezi ujao huonekana ndogo kwa kuwa iko mbali, kama vile mlima mkubwa wa mbali uonekanavyo mdogo kuliko kichuguu kilicho mbele ya mlango. Katika jambo hili nitawapeleka kwa watu tunaofanana nao, yaani wakulima wa mahindi wa Busia, magharibi ya Kenya.

Huko, tangu mwaka 2000 na miaka iliyofuata, wataalamu wa uchumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walichunguza matumizi ya mbolea ya dukani. Walijaribu mashambani mwa wakulima wenyewe, wakaona kwamba nusu ya kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia katika kila shimo la mahindi inamlipa mkulima faida nzuri. Tena mbolea ile ilipatikana sokoni kwa kupimiwa kidogo kidogo, yapata mwendo wa nusu saa kwa mguu. Haikuwa lazima mtu anunue gunia. Wakulima walipoulizwa kama watatumia mbolea msimu ujao, karibu wote walisema ndiyo. Waliotimiza ni kama 37 tu katika kila 100.

Msikiaji wa haraka atasema, "Mnaona? Wavivu!" Lakini mtu aliyelima, akapanda, akapalilia mara mbili kwa jembe la mkono, atakuwaje mvivu wa kutembea nusu saa? Wengine watasema, "Hawana fedha." Kweli, wako wasio nazo. Walakini wakati wa mavuno wengi huuza mahindi, na fedha huwa mkononi. Habari ni hii: wakati fedha ipo, kupanda kuko mbali, na safari ya sokoni ni taabu ya leo, mkulima husema kwa moyo wa kweli, "Nitanunua karibu na kupanda." Fedha haikai. Mgeni huja, mtoto huugua, karo hudaiwa, sukari huisha. Hata siku za kupanda zikifika, nia ipo nzima kabisa, ila mkoba ni mtupu.

Wataalamu wale hawakuwahubiri wakulima juu ya uvivu. Walifanya jambo dogo. Mara baada ya mavuno walimwendea mkulima nyumbani, wakampa nafasi ya kulipia mbolea saa ile ile, kwa bei ile ile ya dukani, naye ataletewa bure mpaka mlangoni pake wakati wa kuitumia. Jambo likawa kwamba watumiao mbolea waliongezeka sana, kiasi cha kukaribiana na ongezeko lililopatikana kwa wakulima wengine mbolea ilipopunguzwa bei kwa nusu karibu na wakati wa kuitumia. Na walipotoa ahadi ile ile ya kuleta mbolea bure, lakini wakangoja mpaka karibu na wakati wa kuitumia, ongezeko likawa dogo. Habari hizi zilichapishwa mwaka 2011. Na mwaka 2019 Duflo na Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee, walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi kwa ajili ya namna hii ya kutafuta kwa majaribio njia za kupunguza umaskini.

Pimeni jambo hili, wasomaji. Wakulima ni wale wale. Ardhi ni ile ile. Bei ni ile ile. Kilichobadilika ni saa ya kuulizwa, na hatua chache za miguu. Kama ugonjwa wao ungalikuwa uvivu, ungaliponaje kwa dawa ndogo namna hiyo? Mvivu habadilishwi kwa kuulizwa mapema. Basi kosa halikuwa katika mikono yao, bali katika nafasi iliyokuwa kati ya nia na tendo. Nayo ilipozibwa, nia ilitenda kazi yake.

Sasa nisikie wapinzani wangu, maana najua wapo, nao si wajinga.

Wa kwanza atasema, "Mwalimu, unawapa watu udhuru. Kesho kila mzembe atasema ana hofu moyoni." Namjibu: kuijua sababu ya ugonjwa si kuusifu ugonjwa. Aliyeahirisha kulipa deni, deni analo. Aliyeahirisha kuandika wosia, akafa, amewaachia mjane na watoto ugomvi wa shamba, na machozi yao hayakauki kwa sababu alikuwa na hofu ya kuitaja mauti yake. Sisemi asamehewe wajibu. Nasema asaidiwe autimize, na tukemee pale tu kukemea kunapofaa kitu. Wavivu wa kweli wako, nawajua. Lakini mtawatambua kwa usingizi wao. Hawahangaiki.

Wa pili atasema, "Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, kwa nini mnatusukuma?" Ndugu yangu, wahenga hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, tena walisema asemaye kesho ni mwongo. Hawakujipinga. Methali ya kwanza ni ya mtu atendaye bila kupima. Ya pili ni ya mtu aliyekwisha kupima na bado hatendi. Kila mmoja ajiulize kwa haki ni methali ipi iliyo yake, asichague ile impendezayo.

Wa tatu atasema, "Ni hizi simu za mkononi. Zamani watu hawakuwa hivi." Simu ni kichaka kizuri cha kujificha, sikatai, tena ni kichaka kitembeacho na mwenyewe mfukoni. Lakini Feliki hakuwa na simu. Mkatieni mtu kichaka kimoja bila kumwondolea simba anayemkimbiza, naye atatafuta kichaka cha pili.

Basi tufanye nini? Nitasema machache, maana dawa zenyewe si nyingi.

Mtu akiona jambo linamshinda miezi, asijiulize, "Kwa nini mimi ni mvivu?" Ajiulize, "Jambo hili linanitia nini moyoni?" Akiisha kulitaja jina lake, hofu au aibu au kutojua, nusu ya nguvu zake zimevunjika. Asiyejua aulize. Mwenye aibu ajisamehe, kisha aanze. Na aanze padogo, maana bandu bandu humaliza gogo. Asiseme, "Leo nitaandika barua." Aseme, "Leo nitaandika jina lake juu ya karatasi." Mara nyingi mkono ukiisha kuandika jina, huendelea wenyewe.

Tena asiache kesho ielee hewani, aifunge kamba. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Ujerumani, Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter, walieleza jaribio walilowafanyia wanafunzi. Waliwaagiza waandike habari ya jinsi walivyoukesha mkesha wa Krismasi, na kuileta baada ya siku mbili tu. Nusu yao walitakiwa waseme kabla ni saa gani na mahali gani watakapokaa kuiandika, wengine hawakuulizwa. Wale waliotaja saa na mahali, kadiri ya robo tatu walitimiza. Wale wengine, kadiri ya theluthi moja tu. Nia ilikuwa moja. Tofauti ni saa na mahali. Basi usiseme, "Nitakwenda hospitali." Sema, "Jumatatu, gari la kwanza, tutaonana na dada yangu chini ya mwembe wa njia panda." Neno hilo la pili lina miguu.

Kwenu waalimu wenzangu: mtoto asiyeleta kazi, kabla ya kumwuliza "kwa nini hukufanya?", mpeni kijiti na mavumbi, mwone kama anaweza. Kwenu wazee wa kanisa na wa ushirika: michango na karo na mbegu, wakumbusheni watu siku ya kuuza mazao, wala si siku ya kudaiwa. Nendeni kwao fedha ikiwa ingali mkononi. Na kwenu majirani wote: mkiona mtu anasema "nitakwenda, nitakwenda" juu ya ugonjwa, msimhubiri. Mwambieni, "Nakusindikiza. Tunakwenda Jumatatu."

Hilo la mwisho ndilo liniumizalo. Maana mimi nilijua. Mke wangu aliniambia habari za uvimbe ule siku za palizi, nami nikasema nitazungumza na mumewe. Niliona haya kuanza maneno ya namna ile kwa mwanamume mwenzangu. Nikasema baada ya mavuno. Mavuno yalipokwisha, mitihani ya shule ikanishika. Basi siku ile kaburini, wale wawili waliponong'ona juu ya uzembe, mama yule hakuwako ajitetee; nami niliyekuwako nilinyamaza, kwa kuwa nilijua ya kuwa mwenye kuahirisha hakuwa peke yake.

Mama hakuwa mvivu. Aliogopa, na aliogopa peke yake. Laiti mtu mmoja angalimwambia, "Mwenzangu, nami naogopa, tufuatane," pengine leo angalikuwa akiwasha moto wake alfajiri.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa yule rafiki yangu wa barua, nikabisha hodi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba radhi njia nzima. Alinikaribisha, akaniletea kigoda, akasema, "Nilidhani umehama." Tukaketi. Yale maneno mengi hata sikupata nafasi ya kuyasema.

Nawe msomaji, unalijua lako. Usilifanye lote leo. Lianze leo, kabla hujalikunja gazeti hili.

Wasalaam,
Mwalimu wenu wa kijijini